Mbuzi wa Kufungua Mdomo

Ngulyati, jioni

Baba,

Mwangaluka. Najua jua ndiyo kwanza linazama na salamu ya jioni ni nyingine, lakini barua hii utaisoma kesho asubuhi ndani ya basi, kwa hiyo nakusalimia kwa saa yako, siyo kwa saa yangu. Umeamkaje? Najua hukulala vizuri. Hata mimi sitalala, nakuambia kabisa kabla usiku haujafika.

Umekwenda Bariadi mjini kumuaga mjomba wako na umesema utarudi kabla ya chakula. Yule jogoo mkorofi aliyekuwa akimdonoa baba yako miguuni leo amepatikana, yuko chunguni. Mimi nimekaa barazani na karatasi nilizochana kwenye daftari la mdogo wako, usimwambie. Nina muda wa jogoo kuiva, na jogoo mzee haivi upesi.

Mambo ya sweta sitayaandika. Kwamba Njombe unakokwenda kuanza kazi kuna baridi umeshaambiwa na kila mtu, hata na watu ambao hawajawahi kuvuka Shinyanga. Michembe yako, vile viazi vikavu, nimeiweka chini kabisa ya begi, usigawe yote siku ya kwanza kwa kutaka sifa. Ukiugua, wewe ndiye muuguzi, utajua la kufanya kuliko mimi. Hayo yamekwisha. Nataka kuandika juu ya kile ulichoniomba juzi.

Juzi ulikuwa unakunja mashati na mimi nachambua mchele. Ukasema huku unacheka, "Mama, walimu wameniita jina langu, padri ameniita, hata yule karani wa chuo mwenye kiburi ameniita. Wewe tu ndiyo bado. Kabla sijaondoka niite basi mara moja, nisikie." Nikakurushia pumba, nikasema, "Toka hapa, una wazimu wewe!" Ukacheka, nikacheka, ukaendelea na mashati yako. Lakini uso nilikuona, baba. Ulikuwa unacheka kwa mdomo tu.

Tangu juzi sina raha. Uji nimeunguza, na baba yako ameunywa kimya kimya kama mtu anayemwogopa mgonjwa. Ndiyo maana nimekaa hapa. Nadhani sijawahi kukueleza jambo hili kwa utulivu, nimekuwa nikilifanyia mzaha tu.

Mimi nilitoka Malampaka, unajua. Kabla sijaletwa huku, sengi yangu, dada wa baba yangu, alinikalisha peke yangu akaniambia, "Limi, huko unakokwenda, jina la baba mkwe haliingii mdomoni mwako. Na kitu chochote chenye jina hilo, nacho hakiingii." Nikamuuliza, kwani anaitwa nani? Akanitajia. Nikaangua kicheko. "Sengi, sasa masika nitasema nini?"

Maana jina la guku wako, babu yako mzaa baba, ambalo ndilo lako, ni la kile kinachotoka mawinguni. Kwa Kiswahili naandika bila shida: mvua, mvua, mvua. Kiswahili nimekikuta shuleni, hakina mkwe. Lakini kwa Kisukuma, lugha niliyonyonya, neno hilo lilifungwa siku ile. Sengi akasema, "Utasema maji ya juu. Wenzako wote wana la kwao. Kuna aliyeolewa kwa mzee mwenye jina la ng'ombe, akaishi."

Basi nikaja. Mwaka wangu wa kwanza hapa tulipata pamba nzuri mno. Tuliianika uani, nyeupe, tumeshaichambua, fifi, ile chafu isiyo na bei, tumeitenga pembeni. Wanaume wamekaa nyuma ya nyumba, mimi niko kisimani. Nikainua macho nikaona wingu jeusi limekuja bila hodi, wakati siyo wake kabisa. Nikatupa ndoo nikakimbia. Sasa nipige kelele gani? Neno lile siwezi. Maji ya juu, kwa haraka ile, likanipotea. Nikawa napiga mayowe, "Inakuja! Inakuja!" Wanaume wakatoka na fimbo. Mmoja ana panga. "Iko wapi? Imeingia wapi?" Walidhani nyoka. Wakaanza kupekua chini ya ghala. Mimi naonyesha juu kwa kidole, wao wanaangalia mtini kutafuta nyoka! Mpaka tone la kwanza likampiga guku wako kwenye kipara.

Pamba ililowa yote, ikawa fifi tupu. Nikalia nikijua narudishwa kwetu. Guku wako alikaa chini pale pale kwenye matope, akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Mkwe wangu ameniheshimu mpaka pamba imeoza." Halafu akawaambia wengine wasinicheke, wakati yeye mwenyewe bado anacheka. Siku ile nilimpenda yule mzee, nakuambia kweli.

Yeye jina lake alilipata kihalali. Mama yake alimzaa shambani siku masika yalipoanguka baada ya ukame uliowamaliza ng'ombe. Baba yake alikuwa mbali na mifugo, akarudi mbio amelowa, akakuta mtoto na maji vimefika pamoja. Watu walimtania tangu utoto kwamba ndiye aliyeleta. Alikuwa akisema, "Mimi nilikuja na maji, sikuyaleta. Watu wengi wanasahau tofauti hiyo." Likae kichwani mwako hilo, siku watakapokusifia kwa mgonjwa aliyepona.

Wewe ulizaliwa kiangazi, vumbi mpaka kwenye kope. Ulilia siku ile na kesho yake. Akina mama wakaanza kukutajia majina ya marehemu wa ukoo mmoja mmoja, kutafuta nani anakudai. Kila jina unazidisha. Guku wako akasema kutoka nje kwa utani, "Jaribuni la mzima." Wakakutajia la kwake, ukanyamaza. Au ulikuwa umechoka tu, mimi sijui, mimi nilishukuru usingizi. Jirani mmoja akadakia, "Mtoto wa vumbi mnampa jina la maji?" Mzee akamjibu, "Jina halisemi siku aliyozaliwa huyu. Linasema siku niliyozaliwa mimi. Atanisaidia kuikumbuka."

Na hapo ndipo mdomo wangu ulipofungwa kwa mwanangu mwenyewe.

Sikuona shida, baba. Kila mwanamke hapa ana mtoto wa namna hiyo. Nikakuita Baba. Baba yako naye, ambaye hawezi kumtaja mzazi wake kama rika lake, akakuita Mzee. Wadogo zako walipokuja wakakuita Kaka. Jina la ubatizo, Emanueli, tuliliacha kanisani tukidhani utalichukua ukikua. Nyumba nzima, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anakuita jina lako, na ni yule mwenye jina. Mlikuwa mnaitana kutoka pande mbili za shamba kama wendawazimu wawili. Yeye anaita, wewe unajibu, "Nipo, wajina!" Kisha unaita wewe, naye anaitika, "Nipo, wajina!" Hakuna mnachotaka. Mnaitana tu.

Sasa nikukumbushe Lalago, maana wewe unakumbuka muwa tu. Ulikuwa hujaanza shule. Tulikwenda kumsalimia dada yangu ikaangukia siku ya mnada. Nilikuwa nachagua kitenge, nikageuka, hupo. Ng'ombe wamejaa, malori yamejaa, vumbi limejaa, mtoto hayupo. Nikaanza kuita, "Baba! Baba wee!" Kila mwanaume akageuka. Mzee mmoja akaniuliza kwa huruma, "Baba yako ana umri gani, mama? Anaona vizuri?"

Nikakimbilia kwa yule kijana wa mitumba mwenye kipaza sauti. Akaniuliza mtoto anaitwa nani. Nikasema Emanueli. Akatangaza Emanueli mpaka sauti ikakauka, na wewe umekaa nyuma ya lori na muuza miwa, unatafuna, unamsikia, huna habari kwamba ni wewe. Akarudi kwangu. "Mama, hana jina lingine?" Nikasema analo. "Basi litaje!" Nikasimama pale, machozi yananitoka, mwanangu amepotea, na jina liko hapa, hapa kwenye ulimi, na ulimi haunyanyuki. Nikasema, "Ana jina la mkwe wangu."

Yule kijana hakuwa wa huku, akanitazama kama punguani. Lakini wanawake waliokuwa wanachagua nguo waliinuka wote. Bibi mmoja akasema, "Zungusha, mwanangu, tutakusaidia." Nikaonyesha juu. "Jua?" Hapana, hilo ni jina langu mwenyewe. "Ndege?" Hapana. "Kinacholowesha!" nikapiga kelele. Wakalitaja kwa pamoja kama wanaimba. Kijana akaliita kwenye kipaza sauti mara moja tu, na wewe ukatokea nyuma ya lori, mdomo unanata sukari, ukajibu kwa nguvu, "Nipo, wajina!"

Mnada mzima ulicheka. Nilikukumbatia nikakupiga kibao, kisha nikakukumbatia tena.

Njiani kurudi kwa dada yangu, umeshika kitenge changu, ukaniuliza. Hili hulikumbuka, na mimi silisahau. Ukasema, "Mama, kwa nini yule mtu analijua jina langu na wewe hulijui?"

Nilicheka. Nikakununulia karanga. Sikukujibu, baba. Nilidhani ni swali la kitoto, na kumbe miaka yote hii limekaa linaningoja, mpaka juzi kwenye mchele.

Tuliporudi nikamsimulia guku wako nikidhani atacheka kama siku ya pamba. Alicheka mwanzo. Nilipofika kwenye lile swali lako akaacha. Jumapili yake akaita watu wachache, akatoa beberu mwekundu, akasema mbele yao, "Mkwe wangu, nakufungua mdomo. Mbuzi huyu ni wako. Leo niite jina langu, na mwanao mwite jina lake." Mzee kumfungua mkwe mdomo siyo jambo dogo, watu walipiga vigelegele. Mbuzi akachinjwa, akaliwa. Mimi nilipewa mbavu. Nikazila, tena nikalamba vidole. Kisha wote wakaniangalia, nikafungua mdomo, nikasema, "Wabeja, Baba."

Asante, Baba! Hiyo ndiyo ilitoka. Baba yako aliinamisha kichwa kwa aibu. Guku wako akasema, "Haina haraka. Mbuzi hajaenda bure, iko siku." Na kila alipokuwa akiniudhi, au mimi nikimuudhi, maana unajua mdomo wangu kwa mengine yote haujawahi kufungwa, alikuwa akisema, "Nirudishie mbuzi wangu."

Nilidhani namheshimu. Na nilijivunia kidogo, nikuambie ukweli. Wanawake wengine walikuwa wanasema, yule wa Malampaka ana adabu, mbuzi ameliwa na bado hataji. Nikatembea na sifa hiyo kifua mbele.

Ulipokwenda chuo, guku wako alikuwa amebaki mwenyewe. Bibi yako alishatangulia. Rafiki zake wa rika, wale waliochunga naye, walikuwa wamekwisha wote. Hapa nyumbani alikuwa Guku, Baba, Mzee. Kanisani Mzee. Zahanati walimwita Babu. Jioni moja nilikuwa hapa jikoni, yeye amekaa pale kwenye kigoda chake anaangalia shamba. Nikamsikia ameita jina lake. Kwa sauti, kama unavyomwita mtu aliye mbali. Akangoja. Kisha akaitika mwenyewe, taratibu, "Nipo, wajina."

Nilisimama na mwiko mkononi. Nilikuwa na ruhusa. Mbuzi nilishamla zamani. Ilitakiwa nitoke tu mlangoni nimwite, basi, mara moja, mzee asikie jina alilopewa na mama yake likitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine. Sikutoka. Niliona haya. Niligeuza ugali. Masika yaliyofuata tukamzika, na wewe ndiye uliyemwita kaburini, "Wajina!" na watu wote wakalia. Mimi nililia kuliko wote, na walidhani ni kwa sababu ya wema wake tu.

Iliniuma sana. Bado inaniuma nikiwa peke yangu, lakini sikuandikii ili unihurumie. Mzee yule aliishi vizuri na mimi nimeishi vizuri nyumbani kwake. Nakuandikia kwa sababu unakwenda kushika wagonjwa. Watakuja wazee ambao kila mtu anawaita Bibi na Babu, na wewe kwa adabu tuliyokufundisha utawaita hivyo hivyo. Ni sawa. Lakini ukipata nafasi, ukiwa unafunga kidonda, muulize mtu jina lake la utoto, na anayelibeba sasa. Omba ruhusa, halafu mwite. Wewe huna haja ya kula mbuzi.

Na huko watakuita Emanueli, au Nesi, au Ngosha kama wanavyotuita Wasukuma wote popote tunapokwenda. Itika tu, watu hawana nia mbaya. Ila jina la guku wako sasa limebaki na mtu mmoja, na huyo mtu kesho anapanda basi. Nikifikiria hivyo nahisi kama nyumba hii inabaki bila mtu wa kulijua. Nami nikiendelea na adabu yangu ya Malampaka, nitakuwa nimeshindwa mara mbili, kwa mzee na kwako.

Neno moja la mbele, halafu niangalie jogoo. Siku moja utaleta mke. Mkipata binti, mtasema apewe jina langu, najua, na mimi nitajifanya sitaki. Sasa huyo mkeo, popote alipo sasa hivi, mwambie mapema kwamba mama mkwe wake anaitwa Limi, na aniite Limi tangu siku ya kwanza, hata kama majirani watashika vinywa. Mwambie pia hakuna mbuzi. Zamani guku wako alikuwa akisema jua na mvua wamekutana nyumba moja, pamba lazima istawi. Nataka huyo mtoto ajue kwamba mama yake analijua jina lake.

Sasa nikuambie kilichotokea leo mchana, ulipokuwa umeondoka tu. Niliingia jikoni nikafunga mlango. Nikasema nijaribu mbele ya kuku kwanza. Mara ya kwanza ilitoka hewa. Mara ya pili nikakohoa. Mara ya tatu, baba, likatoka. Lilitoka kubwa, sikutegemea, kuku wakaruka. Nikasikia kitu kimeanguka uani. Nikafungua mlango. Baba yako amesimama, jembe liko chini, kofia ameivua ameishika kifuani. Ananiangalia mimi, anaangalia kile kigoda, ananiangalia mimi.

Akasema, "Nilidhani mzee amerudi."

Nikamwambia najifunza kumwita mwanangu. Nilidhani atanigombeza. Akasema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu msiba, "Rudia." Nikarudia. Akavaa kofia yake, akaokota jembe. Alipofika kwenye kona ya ghala nikamsikia anacheka peke yake. Anasema, "Mbuzi amelipwa."

Nilipanga nikuite kesho pale stendi, basi likianza kuondoka. Lakini nimekaa hapa na karatasi hizi nimeona siyo vizuri. Stendi kuna honi na wapiga debe, na mimi nitalia, jina litatoka limevunjika. Na jina la mtu haliitwi kwa sababu anaondoka. Linaitwa kwa sababu ugali unapoa.

Nasikia pikipiki inakuja kutoka barabarani. Ni wewe, nakujua unavyopenda kupiga honi kwa majirani. Naikunja barua hii, nitaificha kwenye begi juu ya michembe. Utakapofika kwenye mstari huu kesho utakuwa umeshasikia, na utajua kama sauti yangu ilitetemeka. Lakini kama koo litanisaliti tena dakika hii, basi liko hapa kwa mwandiko wangu, na mwandiko hauna mkwe.

Mimi mama yako, Limi, ninayelijua jina lako tangu siku ya kwanza.

Mabula! Njoo ule.